Chachu Iliyobaki Si Hamira: Inavyofanya Kazi Ndani ya Keki, Maandazi na Biskuti

Anayefuga chachu ya mkate nyumbani, yaani unga na maji yaliyoachwa yachache yenyewe, hukutana na hesabu hii mapema. Gramu 50 za chachu zikilishwa gramu 50 za unga wa ngano na gramu 50 za maji, zinakuwa 150. Kesho yake ukizilisha zote kwa uwiano uleule zinakuwa 450, keshokutwa 1,350, na siku ya nne una zaidi ya kilo nne za ujiuji kwenye ndoo. Ndiyo maana kabla ya kulisha huondolewa sehemu kubwa na kubakizwa kidogo tu cha kuendeleza ukoo. Kinachoondolewa ni unga ulionunuliwa kwa fedha, na kukimwaga kila siku kunauma. Hapa tutakiita masalia.

Tatizo huanzia kwenye jina. Kwa kuwa ni chachu, watu huitegemea iumue. Wanaimimina kwenye keki badala ya bekingi pauda, wanapeleka kwenye moto, wanaepua tofali. Masalia yaliyokaa friji siku tano hayana nguvu ya kuinua keki, wala keki haina saa nane za kuyasubiri. Hamira za asili zilizomo zimemaliza chakula chao, gesi imeshatoka, na bakteria wamejaza asidi kila mahali. Ndani ya keki, masalia yanafanana na mtindi kuliko hamira: ni unga na maji yaliyochacha. Ukiyapima na kuyatumia kama unavyotumia mtindi, mapishi mengi matamu yatakutii. Ukiyatumia kama hamira, yatakuaibisha mbele ya wageni.

Kilichomo ndani ya chupa

Kama chachu yako hulishwa unga na maji kwa uzito sawa, gramu 200 za masalia ni gramu 100 za unga na gramu 100 za maji. Kwa hiyo, unapoyaingiza kwenye mapishi yoyote, ondoa gramu 100 kwenye unga ulioandikwa na mililita 100 kwenye maziwa, maji au tui. Keki nyingi za masalia zinazotoka na tabaka bichi chini hazikukosea moto. Mpishi alisahau kwamba alishatia nusu glasi ya maji bila kuyaona.

Pima kwa mizani. Kikombe hudanganya sana hapa, kwa sababu chachu iliyojaa mapovu hukijaza ikiwa na uzito mdogo, ilhali ile iliyotulia huingia zaidi ya gramu 250 kwenye kikombe cha mililita 250. Asiye na mizani akoroge kwanza mpaka mapovu yote yaishe, ndipo achote.

Kitu cha pili ni asidi, na zipo mbili kuu: ya laktiki, ileile ya kwenye mtindi, na ya asetiki, ileile ya kwenye siki. Chachu iliyokaa mahali pa joto huelemea ladha ya mtindi. Iliyolala friji muda mrefu huchoma puani kama siki. Kwa vitu vitamu tunapendelea masalia ya siku moja hadi saba. Ya wiki mbili bado yanatumika, lakini yahitaji viungo vyenye sauti: mdalasini, tangawizi, ndizi iliyoiva sana, sukari guru.

Cha tatu huonekana kwa macho tu. Mtu aliyekulia uchagani akiona mbege, pombe ya ndizi na kimea cha ulezi, ikitengenezwa, au mzazi aliyewahi kutia unga wa kimea kwenye uji mzito wa mtoto, anajua uji hulegea na kuwa mtamu bila kuongezwa maji wala sukari. Vimeng'enya vya kimea hukata wanga kuwa sukari. Kwenye chupa ya chachu kazi ya namna hiyo inaendelea pia, kwa kasi ndogo zaidi, na pamoja nayo kuna vimeng'enya vinavyokata protini, ambavyo asidi huvichangamsha. Protini hiyo ndiyo inayojenga gluteni, ule mvutiko wa unga uliokandwa. Ndiyo sababu chachu mpya huvutika kama gundi na ile ya zamani humiminika kama uji mwepesi.

Kukatika huko kwa gluteni ni baraka kwenye keki, maana keki inataka ulaini. Kwenye maandazi ni hasara, kwa sababu andazi linahitaji ngozi inayoshika hewa ndani. Chupa moja, matokeo mawili yanayopingana, na mtu asiyejua sababu hubaki akilaumu unga.

Masalia yasiyofaa kuliwa

Chachu mpya isitoe masalia ya kupikia kabla ya kutimiza walau siku saba, na iwe imeanza kupanda na kushuka kwa utaratibu kila inapolishwa. Mapovu ya siku ya pili na ya tatu huwa kwa kawaida ni ya bakteria wengine kabisa, kabla asidi haijawafukuza. Harufu yake ni ya kitu kilichooza, na keki haiwezi kuificha. Peleka kwenye mbolea ya bustani.

Maji ya kijivu yanayoelea juu ya chachu yenye njaa hayana neno; koroga au mwaga, upendavyo. Lakini ukiona ukungu wenye manyoya, au michirizi ya rangi ya waridi au ya chungwa, tupa chote na uoshe chupa kwa maji ya moto. Usikwangue juu ukatumia chini. Wala usionje masalia mabichi kwa kijiko: unga wa ngano haukupikwa kiwandani na unaweza kubeba vijidudu vya kuharisha, na uchachu pekee hauhakikishi kwamba wamekufa.

Soda kiasi gani?

Hapa ndipo penye utamu wa jambo lote. Bekingi soda ikikutana na asidi hutoa kaboni dioksidi, na hapohapo asidi hupungua. Kwa hiyo soda inafanya kazi mbili: inainua keki na inapunguza ukali. Gramu 100 za masalia yaliyokomaa hutosha takriban gramu 1 ya soda, yaani karibu robo ya kijiko cha chai, kilichosawazishwa kwa kisu. Gramu 200, nusu kijiko. Ukizidisha, soda inayobaki bila asidi huleta ladha ya sabuni na kuifanya keki iwe na rangi nzito kuliko inavyostahili. Ukipunguza, keki inabaki na uchachu kidogo, na hilo si kosa; ni chaguo, hasa kwenye keki yenye sukari nyingi.

Kuna jambo la rangi pia. Asidi huchelewesha kubadilika rangi kwa unga motoni. Biskuti za masalia zisizo na soda zinaweza kuiva kabisa zikabaki nyeupe, mpishi akaendelea kuzikausha mpaka zikawa mawe. Soda kidogo hurudisha wekundu.

Mapovu huanza mara soda inapogusa masalia. Usichanganye kisha ukaenda dukani kununua mayai. Moto uwe tayari, chombo kiwe kimepakwa mafuta, ndipo masalia yaingie.

Halafu kuna mlima. Arusha mjini iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Moshi mjini kati ya mita 800 na 900. Kwenye mwinuko, mkandamizo wa hewa ni mdogo zaidi, hivyo gesi iliyomo ndani ya keki hutanuka zaidi na kwa haraka. Maji nayo huchemka mapema: karibu nyuzi joto 95 Arusha na 97 Moshi. Keki hupanda kwa fujo kabla kuta zake hazijakaza, kisha huzama katikati. Ukifuata kipimo kilichoandikwa na mtu wa pwani, ukiwa Arusha punguza bekingi pauda kwa robo au hata zaidi, toa kijiko kimoja cha chakula cha sukari katika kila kikombe, ongeza kijiko kimoja au viwili vya maji au maziwa, na pandisha oveni kwa nyuzi 10. Moshi marekebisho ni madogo. Mara nyingi kupunguza pauda kidogo kunatosha. Soda iachwe kama ilivyo, kwa sababu imepimwa kufuata asidi.

Keki ya ndizi, kwa hesabu

Ndizi kisukari iliyoiva hadi ganda likawa na madoa meusi ndiyo inayofaa, ile ambayo jioni sokoni Kilombero, Arusha, au Mbuyuni, Moshi, mwuzaji hataki kurudi nayo nyumbani. Menya upate gramu 300, ponda kwa uma. Vingine: masalia gramu 200, unga wa ngano gramu 200, sukari gramu 130, mayai mawili, mafuta ya kula mililita 100, bekingi soda nusu kijiko cha chai, bekingi pauda robo tatu ya kijiko kwa Moshi na nusu kijiko kwa Arusha, chumvi robo kijiko, iliki au mdalasini kijiko kimoja. Maziwa hayamo, na hayakusahauliwa: nafasi yake imeshikwa na maji ya masalia. Arusha, ukiona mchanganyiko ni mzito sana, ongeza kijiko kimoja cha maziwa na ushushe sukari hadi 120.

Anza na sukari. Punje zikiwa kubwa hazitayeyuka ukizitia mwisho, hivyo zipige na mayai na mafuta kwa dakika tatu au nne, kisha tia ndizi. Pembeni chekecha unga, soda, pauda, chumvi na viungo pamoja. Soda isipochekechwa hujikusanya, na kila kidonge huacha doa la kahawia lenye uchungu. Masalia yatoke friji saa moja kabla ili yasiwe baridi. Yatie kwenye mayai na ndizi, koroga, kisha mwaga unga na ukoroge kwa mwiko mpaka tu usione unga mkavu. Mabonge madogo yatayeyuka yenyewe. Ukiendelea kupiga unaamsha gluteni ya ule unga mpya, na keki inakuwa ya kuvuta kama mpira.

Mimina kwenye chombo cha sentimita 23 kwa 13, kisizidi theluthi mbili. Oveni iwe nyuzi 175 kwa Moshi, 185 kwa Arusha, dakika 50 hadi 65, mpaka kijiti kitoke na chembe kavu.

Wa jiko la mkaa afanye hivi: sufuria nzito yenye mchanga mkavu wa sentimita mbili, ipashwe dakika 15, chombo cha keki kiwekwe juu ya mchanga, funika kwa mfuniko wa bati na upalie. Makaa theluthi mbili juu, theluthi moja chini. Keki ya masalia yenye ndizi na soda hushika rangi haraka, kwa hiyo kosa la kawaida ni kuweka moto mkali chini. Huungua kitako kabla ya katikati kukaza. Usifunue dakika 30 za mwanzo. Baada ya hapo, ukiona juu pamekuwa pekundu na ndani bado, ondoa nusu ya makaa ya juu na uiache imalizie.

Ikizama katikati, kwanza tilia shaka pauda, pili kufunua mapema, tatu ndizi kuzidi uzito. Ikiwa na tabaka zito lenye unyevu chini ingawa kijiti kilitoka kikavu, mara nyingi masalia yalikuwa ya zamani mno, yameshakuwa maji, na wanga wake umekatwakatwa kiasi cha kutoweza kushika unyevu. Mara nyingine tumia gramu 100 za masalia hayo, na upungufu uujaze kwa unga gramu 50, mtindi mwepesi mililita 50. Soda haibadiliki sana, kwa sababu mtindi nao una asidi.

Maandazi yanahitaji subira

Kwa maandazi yapatayo 20: unga gramu 425, masalia gramu 150, sukari gramu 80, mafuta au siagi iliyoyeyushwa gramu 40, tui la nazi la uvuguvugu mililita 190, chumvi kijiko kimoja cha chai, iliki iliyotwangwa. Jumla ya unga, pamoja na ule wa kwenye masalia, ni gramu 500. Unga wa masalia hapo ni asilimia 15 tu, na tunashauri usivuke 20 kama yamekaa zaidi ya wiki. Ukivuka, donge linakuwa laini vizuri mkononi, linasukumika bila kurudi nyuma, unafurahi, kisha likiingia kwenye mafuta linatuna kidogo na kubaki bapa, limenyonya mafuta. Gluteni iliyokatika haishiki hewa.

Suala la pili ni sukari. Sukari huyavuta maji na kuwanyima wale wadudu wa hamira, na ikifika zaidi ya asilimia kumi ya uzito wa unga, kazi yao inapungua kwa dhahiri. Hapa tuna asilimia 16. Masalia peke yake yataumua donge hili, lakini usiku kucha, na Juni au Julai Arusha, jikoni kukiwa na baridi ya kutosha kuvaa sweta, hata asubuhi huenda yasiwe tayari. Anayetaka kula siku hiyohiyo aongeze nusu kijiko cha chai cha hamira kavu. Hakuna aibu hapo: hamira inainua, masalia yanatoa ladha na kufanya andazi likae laini hadi kesho yake.

Kanda dakika kumi. Pamoja na hamira, donge litakuwa karibu mara mbili baada ya saa moja na nusu katika joto la Februari Moshi, na hadi saa tatu kwenye baridi ya Arusha. Angalia donge, usiangalie saa: bonyeza kwa kidole chenye unga, shimo likirudi polepole na kubakiza alama, sukuma. Unene uwe sentimita moja. Kata, funika kwa kitambaa, acha dakika 20 hadi 30 tena. Wengi hukosea hapa kwa kukaanga mara baada ya kukata.

Mafuta yawe na nyuzi 170 hadi 175. Bila kipimajoto, dondosha kipande cha donge: kizame kidogo, kisha kiibuke juu mara moja kikiwa na mapovu pembeni. Maandazi haya huchelewa kushika rangi kwa sababu ya ile asidi. Usiongeze moto ukidhani mafuta ni baridi. Yape dakika moja zaidi, ukiyamwagia mafuta ya moto juu kwa upawa ili yatune.

Ya haraka kuliko yote

Siku ambayo hakuna muda, pika chapati za maji. Masalia gramu 250, yai moja, sukari vijiko viwili vya chakula, mafuta kijiko kimoja, chumvi kidogo. Ukitaka nyembamba za kukunja, ongeza maziwa mililita 80 na usitie soda kabisa. Ukitaka nene zilizotuna, acha maziwa, tia soda nusu kijiko cha chai mwisho kabisa, na upike hapohapo kwenye kikaango cha moto wa wastani. Hapa kila tone la unga linatoka kwenye chupa, hivyo masalia yawe ya siku mbili tatu tu; ya zamani yatatoa chapati inayochanika na kuacha ladha ya siki.

Biskuti na tatizo la maji

Biskuti ndizo ngumu, na sababu yake ni moja: maji. Biskuti huwa kavu na ya kuvunjika kwa sababu ina maji machache, na masalia nusu yake ni maji. Ndiyo maana wengi hutoka na kitu kati ya biskuti na skonzi. Majarini huongeza tatizo, kwani nayo ina maji ndani yake. Samli haina karibu maji yoyote, na ndiyo mwenzi wa masalia hapa.

Unga gramu 250, samli gramu 110 iliyoganda, sukari laini gramu 100, kiini cha yai kimoja bila ute, masalia gramu 60, chumvi kidogo, na soda ya kujaa ncha ya kisu. Sugua samli ndani ya unga kwanza mpaka uwe kama chenga za mkate, ili mafuta yafunike unga kabla haujakutana na maji. Kisha sukari, kiini na masalia. Kusanya donge bila kulikanda, liweke friji saa moja, sukuma unene wa milimita tano. Oveni nyuzi 170, dakika 14 hadi 16, kisha zima na uziache ndani dakika kumi zikaukie, mlango ukiwa umeachwa wazi kidogo.

Anayetaka kutumia masalia mengi zaidi kwenye biskuti ayakaushe kwanza. Yapake yawe membamba kama karatasi juu ya karatasi ya kuokea au nailoni safi, funika kwa chandarua dhidi ya nzi, weka panapopita hewa. Kiangazi cha Moshi siku moja au mbili zinatosha. Arusha wakati wa ukungu wa asubuhi ni afadhali juu ya friji au karibu na jiko. Yakivunjika kwa sauti, yasage. Gramu 100 hubaki karibu 50 za unga wenye uchachu, unaokaa kwenye chupa kavu iliyofungwa kwa miezi. Badilisha nao gramu 50 za unga wa biskuti, gramu kwa gramu, na soda ipungue kidogo chini ya robo kijiko, kwa sababu asidi ya siki huruka na hewa wakati wa kukausha na kinachobaki zaidi ni ya laktiki. Biskuti za namna hii zinatoka kavu kabisa, na kwa mbali zina ladha kama ya maziwa yaliyochacha.